Nusu Yadi ya Kitambaa Cheusi

Enyonam alifariki Jumanne asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto mezani. Siku ya mazishi, mimi mume wake nilimtukana fundi cherehani mbele ya waombolezaji wote. Agbeko ndiye aliyenishonea nguo nyeusi. Ilinibana kifuani, nikamwambia kwa sauti kwamba amempima mbuzi akamshonea binadamu. Watu walicheka pale pale msibani. Agbeko akaondoka bila kula.

Kanisani kwetu, Meza ya Bwana ikiwa Jumapili, Jumamosi ni ya kuutayarisha moyo. Mwenye ugomvi na mwenzake humwendea wakapatana, ndipo akikaribie kikombe. Asiyepatana hubaki kwenye benchi, na kanisa zima humgeukia likijaribu kukisia kosa lake.

Miaka thelathini na moja ya ndoa yetu sikuwahi kubaki kwenye benchi, wala sikuwahi kumwendea mtu. Nilijiona mtu wa amani. Enyonam ndiye aliyekuwa akitoka Jumamosi hizo na bakuli la maharage. Nilidhani anawatembelea wanawake wenzake.

Ilipokaribia Meza ya kwanza tangu tumzike, niliitaka kuliko chakula. Mara ya mwisho mimi na Enyonam tulipiga magoti pale bega kwa bega. Basi Jumamosi nikaenda kwa Agbeko, njia nzima nikirudia maneno. Nilipofika, nikamwita Efo, yaani kaka, na yakatoka haya:

"Efo Agbeko, nimekuja kukusamehe ile nguo."

Akaondoa mguu kwenye cherehani. "Kunisamehe mimi? Leo umekuja mwenyewe, Efo Dotse, siku zote huja Enyo..." Akaziba mdomo kwa mkono.

Akanisogezea kigoda.

"Kaa, Efo. Tumezoea kumwona Enyonam akija kusema, 'Mume wangu moyo unamuuma, amenituma, yeye anaona aibu.'"

"Sijawahi kumtuma!"

"Tunajua. Mtaa mzima unajua. Tulikuwa tunakusamehe kwa sababu ya yale maharage. Wewe umeleta nini?"

Sikuwa na kitu. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuokota vipande vya vitambaa sakafuni.

"Nilikosa," nikasema. "Nguo yako haikuwa na kasoro. Siku ile hata shati la jitu lingenibana."

Agbeko akakata uzi kwa meno.

"Hapana," akasema. "Ilikubana kweli. Nilibakiza nusu yadi ya kitambaa chako. Mke wangu Yayra alitaka kitambaa cha kichwa."

"Nusu yadi! Ya nguo ya msiba!"

"Taratibu, Efo. Kesho ni Meza."

"Mwizi mkubwa we!"

"Ndiyo. Na kesho ni Meza."

Nilinyanyuka nikatoka hadi barabarani. Nilikuwa naelekea nyumbani, kisha nikakumbuka kwamba nyumbani hakuna mtu wa kurudi huku kwa niaba yangu. Nikageuka.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

"Umeuma meno. Sema vizuri."

Nikasema tena.

"Sasa unasema kama unalazimishwa na polisi."

Mara ya tatu sauti ilinikatika katikati, naye akaikubali hivyo hivyo. Tena akaomba radhi yeye, kwa adabu zaidi yangu, na Yayra mke wake akaitikia "Amina" kutoka jikoni, alikokuwa akisikiliza tangu mwanzo.

Jumapili nilipiga magoti kati ya Agbeko na nafasi tupu. Yayra alikuwa mbele yetu, amejifunga nusu yadi yangu kichwani, na lazima niseme ukweli, ilimpendeza. Nilikunywa kikombe bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo kisichostahili kutajwa.

Baada ya ibada Agbeko alinitajia nyumba nyingine za watu niliowakosea, ninazotakiwa kwenda. Ni kumi na moja, ikiwemo ya katekista. Nimeshamaliza nne. Agbeko hunisindikiza, husimama nje ya mlango akisikiliza, na nikianza kuharibu hukohoa.