Uliniuzia Rangi

Bramwel aliupenda wimbo kabla haujafika hata kwenye kiitikio, na hapo ndipo Ian alipopaswa kushtuka. Mzee mwenye duka la mbegu na mbolea mjini Bungoma, tumbo likimtangulia mlangoni, ana haja gani na rap ya vijana wa mtaani Matisi, kule Kitale?

Tena wimbo wenyewe haukuwa wa kuchekea. Ian aliutunga Kitale, mwaka ule mama yake, Phelista, alipopanda mbegu za mahindi, za rangi ya waridi kama zilizotiwa dawa, alizouziwa na mtu wa baiskeli sokoni Misikhu. Zilikuwa mahindi ya kusaga yaliyopakwa rangi. Mama akavuna mabua. Ian akaandika mistari kwa hasira, na rafiki yake Hillary akatia kiitikio kimoja tu, kikali: “Uliniuzia rangi!”

“Hiyo ni moto, kijana wangu,” Bramwel alisema. “CD, redio, mabango, yote niachie. Wewe weka sahihi tu, wimbo ukuwe wangu.”

Hillary alimvuta Ian pembeni. “Bana, huyu mzee anataka wimbo, ama anataka sisi tusikuwe nao?”

Wivu, Ian akajisemea. Akatia sahihi.

Nyimbo zikatoka kweli. Ukatoka wa mapenzi, ukatoka na wa kusifu mbegu za Bramwel, ambao Ian aliuimba juu ya lori siku za soko, kuanzia Lwakhakha hadi Kitale. Wasichana wakampigia kelele. Sura yake ikabandikwa kwenye kuta, ana miwani myeusi na viatu vyeupe alivyonunuliwa. Lakini ule wa rangi haukusikika popote.

“Bado unapikwa Nairobi,” Bramwel alimjibu kila alipouliza. Hata maharagwe makavu yangekuwa yameshaiva na kuliwa.

Ian akaanza kuchunguza. Aliona mazungumzo ya dukani yakikatika akiingia. Aliona Bramwel akipokea simu fulani huku ameukabili ukuta. Siku moja alikwenda nyuma ya duka kunawa mikono akakuta mabeseni yameanikwa juani, yamekolea rangi ya waridi hadi ukingoni, na kando yake gunia la mahindi ya kusaga, nusu tupu.

“Ni dawa ya kuua fuko shambani hiyo,” Bramwel alisema nyuma yake. Ian hakujua mzee alikuwa amesimama hapo tangu lini. “Ama unataka kuniimba na mimi?”

Mzee akacheka, na Ian naye akacheka. Alijichukia hata kabla kicheko hakijaisha. Lakini Jumamosi kulikuwa na lori, na bango jipya lilikuwa linachapishwa. Akanawa mikono, akafunga mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila hawasemi lolote juu ya anayekiona akakifunika na shati.

Alipokwenda Misikhu, mama yake alimuuliza, “Ule wimbo wangu umefika wapi, baba?”

“Unakuja, Mama.”

 Phelista akavitazama vile viatu vyeupe vya mwanawe.

Ikafika Agosti ya mwaka wa Wabukusu kutahiri. Mpwa wa Bramwel, mtoto wa dada yake, alikuwa aje nyumbani kwa mzee pale Misikhu kumwalika kwenye tohara yake, akicheza na kugonga njuga, nyuma yake msafara wa waimbaji. Siku hiyo mjomba hachagui wimbo. Waimbaji wakimsifu anasifika, wakimtukana anavumilia, kisha anachinja. Anayewafukuza haheshimiki tena kijijini. Bramwel alilijua hilo, ila kwa kupenda makuu akakodi spika mbili kubwa na jenereta, akamweka Ian nyuma yake na kipaza sauti.

Njuga zilisikika tangu barabarani. Kijana akaingia uwanjani, kifua wazi, shanga zikirukaruka. Mwenye kuongoza wimbo alikuwa Hillary.

Akaanza kwa Kibukusu kitupu, bila mdundo ila njuga na miguu. Ian aliutambua mstari wa kwanza. Ulikuwa wimbo wake.

“Nilipanda nikingoja mvua!”

“Uliniuzia rangi!” msafara ukaitikia.

“Mvua ikaja, shamba likanicheka!”

“Uliniuzia rangi!”

Majirani nao walikuwa na mashamba. Wakadakia. Rekodi za wimbo ule zilikuwa zimefungiwa kwenye kabati la mtu, lakini nani aliwahi kutia sahihi kwa niaba ya kijiji kizima? Bramwel alikuwa anatabasamu kwa meno matupu. Akarudi nyuma hadi kwa Ian.

“Ni wewe umewafundisha?”

“Si mimi, mzee.”

“Basi fungulia spika. Weka ile ya mbegu. Wazime, sasa hivi!”

Kidole cha Ian kilikuwa tayari kwenye kitufe. Alimtazama Hillary akingoja amkonyeze, amwonyeshe kwamba utani huu ni wa wao wawili. Hillary alimtazama kama mtu asiyemjua, akapaza sauti:

“Na Ian wetu, mdomo wa Misikhu, viatu hivyo ni vya nani?”

Watu wakasita. Huyu alikuwa mtoto wao, mtu wa mabango. Katika kimya kile sauti moja ikaitikia, ya mwanamke, katikati ya kina mama. Haikutetemeka hata kidogo.

“Uliniuzia rangi!”

Alikuwa Phelista, na alikuwa anamtazama mwanawe.

Ian alitaka ardhi ipasuke. Angeweza kuapa mbele ya mzee yeyote kwamba hakuwahi kuuza hata punje moja. Nani angemwamini, ikiwa mwenyewe hakujiamini?

“Washa!” Bramwel akafoka.

Ian akazima jenereta. Hillary akaurudia mstari ule ule, juu zaidi: viatu hivyo ni vya nani? Ian akavivua, akasogea hadi alipokuwa mama yake, na akaitikia pamoja na wote.