Mikono Miwili ya Kushoto

Kwa miaka minane sikukata kitambaa kipya. Fundi cherehani asiyekata ni fundi gani? Najua, usinicheke. Nilikuwa nabadilisha zipu, napunguza suruali za waliokonda, naongeza za walionenepa. Mteja akija na kitambaa chake mfukoni namwambia nina kazi nyingi, aende kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kisha nasimama dirishani namtazama akivuka, roho inaniuma.

Sababu ni gauni la harusi la mdogo wangu. Mama alimnunulia kitambaa, akakitunza kabatini, akafariki kabla ya siku yenyewe. Nikakikata mimi. Mkono wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili nikasahau kugeuza karatasi ya kukatia, na aliyewahi kushona anajua kilichofuata: nikapata mikono miwili ya kushoto. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na duniani hakuna kingine alichokishika mama. Mdogo wangu akaolewa na gauni lisilo na mikono, amejifunika mtandio mabegani, anacheka kwenye kila picha. Mimi kwenye picha hizohizo nimenuna utadhani nimekanyaga mwiba.

Aliyeniletea jiwe ni msusi wa chumba cha pili. Huyo mwenzangu hapitwi na jambo. Mwezi uliopita alikuwa anatulazimisha kunywa maji ya tango, mwezi huu ni mawe ya uponyaji. Akaingia na jiwe la rangi ya waridi, kubwa kama yai, na daftari lenye maua kwenye jalada.

"Kila asubuhi lishike kifuani, vuta pumzi mara saba, halafu andika. Jisamehe kwa maandishi."

"Jiwe linajua nini kuhusu mikono ya gauni?"

"Halijui kitu. Ndiyo maana halitakusuta. Wewe andika tu."

Sikuamini hata chembe, lakini msusi ana mdomo, ningekataa nisingepumua. Asubuhi nikalishika jiwe. Lilikuwa baridi, basi. Nikafungua daftari nikalikodolea macho. Maneno ya hisia sina. Ninachojua kuandika ni vipimo. Nikajiandika kama mteja: "Mteja: mimi. Kifua: kimebana. Mabega: yamebeba gauni miaka minane. Anachotaka: apunguziwe." Nikacheka peke yangu hadi msusi akagonga ukuta.

Kesho yake nikaandika tena. "Mteja amerudi. Analalamika fundi wake hana huruma. Fundi anasema mteja amejitakia." Siku ya kumi mzaha ukaniishia. Nikaandika: "Kosa moja haliachi mke, lakini mimi nimejiacha." Nikalia, nikajifuta kwa kipande cha bitana, nikarudi kwenye zipu zangu. Mganga hajigangi. Jiwe nikaligeuza la kugandamizia karatasi zisipeperushwe na feni, na kwa kazi hiyo, kusema kweli, ni jiwe zuri sana.

Ijumaa asubuhi mdogo wangu akaja na mfuko. Amepandishwa cheo, Jumatatu anaanza kazi ya mwalimu mkuu na anataka gauni. Kitambaa cha bluu, mita tatu.

"Mpelekee fundi wa ng'ambo," nikamwambia. "Mimi nimezidiwa na kazi."

"Kazi gani, dada? Zipu mbili hizo?" Akavuta lile daftari mezani, akidhani ni la vipimo vya wateja. "Haya, ngoja ninakili vipimo vyangu nimpelekee."

Nikaruka kumnyang'anya. Nikachelewa, walimu wanasoma haraka. Akakaa kwenye kiti cha wateja, daftari magotini, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mimi si nilikusamehe siku ileile?" akauliza.

"Ulinisamehe."

"Sasa?"

"Msamaha wako haukunitosha."

Akalifunga daftari. "Wa kwako siwezi kukupa. Ila nikwambie kitu. Mama aliponionyesha kile kitambaa alisema, 'Dada yako atakukatia.' Hakusema hutakosea. Na mikono ile haijawahi kuniuma. Kinachoniuma ni miaka minane navaa nguo za dukani, na mimi nina fundi nyumbani."

Nikakitandaza kitambaa mezani, nikachukua chaki.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkasi niliufuta mara tatu kabla ya kuufungua. Msusi akaja mbio kutazama, na mteja wake nyuma, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Nikakata mkono wa kwanza. Nikageuza karatasi, nikaikagua, nikaikagua tena.

"Ni lile jiwe hilo!" msusi akanong'ona.

"Nyamaza, nakata."

Nikakata. Nikailaza mikono yote miwili mezani: wa kulia, wa kushoto. Msusi akapiga kigelegele, mteja wake akakidaka bila hata kujua tunashangilia nini.

Nikashona mpaka mchana. Mdogo wangu akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku. Likamkaa hasa. Kisha akataka kutia mkono mfukoni, mkono ukagota. Akajaribu tena. Mfuko nilikuwa nimeushona nje ndani, mdomo wake umezibwa na mshono.

Msusi akatazama dari. Mdogo wangu akanitazama mimi, nikaona anaogopa, si kwa ajili ya gauni.

"Nimekosea," nikasema.

Miaka minane neno hilo nilikuwa nalitafuna moyoni kila siku, sikuwahi kulitoa mdomoni. Kumbe ni jepesi hivyo.

"Vua, nifumue."

Akavua, anacheka huku machozi yanamtoka. Nikachukua wembe, nikafumua mfuko, nikaushona upya, na muda wote huo naimba.