Mita Mia za Barabarani

Niliipima trekta barabarani. Nianze na hilo, maana watu wakiniona nafungua mdomo huwa wanasubiri kichekesho, na mimi nikipewa nafasi ya kuchekesha huwa napotea njia.

Barabara yenyewe ni ile ya kokoto nyekundu inayotoka Igalula, ngumu kama sakafu. Hatua thelathini kando yake lilianza shamba la kijiji cha ujamaa, udongo umelowa, mahindi yamefika magotini. Ilikuwa Januari 1973. Mimi Wenceslaus, bwana shamba wa miaka ishirini na sita, nilikuwa na diploma, saa yenye mshale wa sekunde, na viatu vya raizoni nilivyonunua Tabora mjini siku mbili kabla. Soli nene kama tofali. Navitaja viatu kwa sababu ndivyo vilivyoamua kila kitu.

Dereva wa trekta alikuwa Bundala, Mnyamwezi wa hapo hapo. Mimi Mluguru wa Matombo. Tulikuwa watani hata kabla hatujazaliwa: babu zake walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani wakienda pwani, wakala kwetu, wakalala kwetu, na tangu hapo Mnyamwezi na Mluguru hawajawahi kuheshimiana.

"Mluguru, umeshuka lini mlimani?" ndiyo ilikuwa salamu yake kila asubuhi.

"Nimeshuka kukutua mzigo, mpagazi."

Mshale wa mwendo kwenye trekta ulishakufa zamani. Na ile mashine ya kurusha mbolea iliyofungwa nyuma haikujali mwendo. Injini ikizunguka, yenyewe inamwaga tu. Trekta ikienda upesi, mbolea inaanguka nyepesi. Ikijikokota, inarundikana. Kwa hiyo lazima ujue trekta inatembea kwa kasi gani ndipo ufungue tundu kwa kipimo. Nikachomeka vijiti viwili pembeni mwa barabara, mita mia kati yake, Bundala akapita kwa gia ya tatu. Sekunde arobaini na tano. Nikapiga hesabu nyuma ya pakiti ya sigara: kilomita nane kwa saa. Nikafungua tundu la mifuko miwili kwa ekari. Ekari sitini, mifuko mia na ishirini. Safi kabisa.

Bundala akashuka. Akaliangalia shamba, akayaangalia matairi yake yaliyobaki vipara.

"Mtani, humu ndani gia ya tatu haivuti. Nitaingia na ya pili, tena nitakuwa nateleza. Njoo tupime humu humu."

Nikaangalia matope. Nikaangalia viatu vyangu.

"Mpagazi, kazi yako kubeba. Hesabu waachie waliosoma."

Watu waliokuwa wanapakia mbolea wakacheka. Na yeye akacheka, maana kwenye utani ukinuna umeshindwa. Akapanda, akaingia shambani.

Mifuko iliisha kwenye ekari ya thelathini na sita. Wiki iliyofuata mvua ikakata, jua likakaza, na majani ya ekari zile yakaungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni. Zile ishirini na nne za mwisho zikabaki na umanjano wa njaa. Kijiji kiliona jua, na kiliona mifuko haipo. Mbolea imeuzwa, wakasema. Na nani alishinda nayo kutwa nzima?

Yale majani yalikuwa barua, na pale kijijini mimi peke yangu ndiye niliyejua kuisoma. Mifuko mia na ishirini kwa ekari thelathini na sita ni zaidi ya mitatu kwa ekari. Ukirudi nyuma kwa hesabu unaikuta trekta inatembea chini ya kilomita tano. Ilinichukua dakika moja. Pakiti ya sigara ilikuwa bado mfukoni.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la kijiji. Bundala alisimamishwa mbele, kofia yake ya udereva mkononi. Mwenyekiti, mzee Lukumani, akanigeukia.

"Bwana shamba, una la kusema?"

Nilikuwa nalo. Nililikariri usiku mzima.

"Ndugu zangu, mbolea haikuibwa. Kosa ni langu."

Kimya. Watu mia mbili wananiangalia, hakuna hata anayekohoa. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyokiogopa kile kimya. Mdomo ukanitangulia:

"Mlimpa Mluguru saa, mlitegemea nini?"

Ghala zima likaangua kicheko. Mzee Lukumani alifuta machozi kwa kiganja.

"Kaa chini, mtani. Tunajua unampenda mwenzio, lakini wizi hautetewi kwa masihara."

Nikakaa. Hivyo tu, nilikaa. Bundala ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyangu.

Walimnyang'anya ufunguo siku ile ile. Watoto wakamwita kupe. Kabla ya mavuno akahamia Kaliua na mkewe Pelagia, akawa anapakia tumbaku kwenye mabehewa. Nilimwona mara moja, miaka minne baadaye, kupitia dirisha la treni ya Kigoma: gunia begani, anatembea taratibu kandokando ya reli. Treni ilisimama dakika ishirini. Sikushuka.

Mwaka 1985 wakamrudisha Igalula kumzika. Nilikwenda, na nilipofika tu watu wakachangamka, maana msiba usio na mtani haunogi. Mtani kazi yake ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Wakanivalisha ile kofia ya udereva. Nikakamata usukani usiokuwepo, nikatia gia, nikanguruma. Wanawake wakashika mbavu. Nikaizunguka mikeka ya wafiwa, mara moja, mara ya pili. Nikasimama mbele ya Pelagia.

"Bundala hakuuza mbolea," nikasema. "Nilipima mwendo barabarani kwa sababu sikutaka kuchafua viatu. Yeye aliniambia. Nikamtukana."

Wakacheka. Mungu wangu, walicheka! Mmoja akapiga makofi: "Viatu! Mluguru huyu hana dogo!"

Nikaivua kofia. Nikaiweka mapajani mwa Pelagia, nikavua viatu vyangu, nikachuchumaa pekupeku kwenye vumbi. Yeye hakuwa anacheka. Aliigeuza kofia, akaanza kung'oa nyasi zilizonasa kwenye kitambaa cha ndani, moja moja.

"Shemeji," nikamwambia, "naomba uwaambie wasicheke."

Akang'oa jani jingine. Akalitupa pembeni.