Ukanda wa Kishona Nguo

Baba alipofariki, shamba la babu lilikuwa limeshagawanywa: upande wa juu wetu, wa chini wa baba mdogo.

Mama hulima bila dawa wala mbolea ya dukani. Hupalilia kwa jembe, hufunika matuta kwa nyasi kavu, mgongo unamuuma na bado anaendelea. Baba mdogo yeye ni mtu wa bomba la dawa. Hupanda, hupuliza, magugu yananyauka, naye huketi kivulini na kikombe chake cha chai.

"Shemeji, utakufa umeinama," humwambia mama.

"Heri nife nimeinama kuliko nife nimevuta sumu."

Hucheka wote wawili, lakini kicheko cha meno tu.

Kati ya pande hizo mbili palikuwa na ukanda ambao mama aliuacha makusudi, wadudu wapate maua. Kishona nguo kiliota humo hadi kiunoni. Mbegu zake zilishika suruali ya baba mdogo, zikashika mbuzi wake, zikaenda kuota kwenye mahindi yake. "Wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga magugu!" alifoka.

Naye siku moja akapuliza dawa upepo ukivuma. Haukupita muda, nyanya zetu za mpakani zikajikunja majani kama ngumi. Mkaguzi wa kilimo hai akaja, akapindua jani moja, akatikisa kichwa. Mavuno ya upande ule hayatapokewa kama ya kilimo hai msimu huu, alisema.

Mama alikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo, nami nyuma yake.

"Shemeji, umenichoma."

"Upepo ndio uliokuchoma. Mimi ukanda wako unanichoma kila msimu. Kesho naumaliza."

"Thubutu!"

Asubuhi alikuja kweli, na buti, barakoa, bomba mgongoni. Mama alikuwa ameshasimama katikati ya maua, mikono kiunoni.

"Shemeji, toka."

"Nipulize mimi kwanza."

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, alitoka jikoni mbio, viganja vimejaa unga. "Jamani, ninyi ni ndugu! Jamani!"

Ndipo nikaona kitu cheupe kikija kutoka upande wa barabara. Nilidhani ni majivu, mtu kachoma shamba. Lakini majivu hayaji chini chini namna ile, yakipanda na kushuka pamoja. Wa kwanza akanipita usoni. Kipepeo. Mweupe, mbawa zimepigwa pindo jeusi.

Wakaja wengine. Walikuja kama maji ya mtaro uliopasuka, wakamwagika juu ya paa, wakayapita mahindi ya baba mdogo bila kutua. Walipofika ukandani wakashuka wote. Maua yakapotea. Ukanda mzima ukawa mweupe, tena ukipumua. Mama alikuwa ndani yake, vipepeo begani, kichwani, hata kwenye kope. Hakuthubutu kupepesa. Na palikuwa na sauti, ndogo sana, kama mtu anapekua karatasi chumba cha pili.

Baba mdogo alikuwa bado ameshika mpini wa bomba, kidole tayari. Kipepeo mmoja akatua kwenye ncha yake pale pale. Baba mdogo akamkodolea macho.

"Shemeji," alinong'ona, "hawa wametoka wapi?"

"Sijui."

"Wanaenda wapi?"

"Sijui, shemeji. Nyamaza kwanza."

Na yule mtu asiyejua kunyamaza akanyamaza. Alipiga magoti polepole, akavua mikanda, akalilaza bomba chini kama anayelaza mtoto aliyesinzia. Akavua na barakoa. Mdomo ulikuwa wazi. Mama mdogo alikuja akasimama ubavuni kwake, unga ukimdondoka vidoleni. Barabarani dereva wa pikipiki alizima injini, abiria wake akashuka na kuvua kofia.

Vipepeo walikuwa wakija na kuondoka hadi alasiri. Mwishowe waliobaki wakainuka kwa pamoja, kana kwamba wameitwa, na ukanda ukarudi kuwa kijani.

Baba mdogo akaingia ndani yake, akagusa ua moja kwa ncha ya kidole. "Miaka yote hii nilijua dawa ya kuliua tu," alisema. "Sikujua kuna mtu analitegemea njiani."

Msidhani aliacha bomba. Bado anapuliza, na nyanya zile zilikwenda na maji, jambo ambalo mama hachoki kumkumbusha. Ila sasa hupuliza alfajiri, majani yakiwa hayatikisiki, na kabla hajaanza hupaza sauti: "Shemeji, napuliza!" Mistari ya mahindi iliyo karibu na mpaka huipalilia kwa jembe, akilalamikia kiuno kama mzee wa miaka mia. Mama naye huukata ukanda maua yanapoanza kukauka, kabla ya mbegu.

Mara ya kwanza alipoukata, baba mdogo alikuja na fyekeo lake bila kuitwa. Alianzia upande wa chini, mama upande wa juu. Walipokutana katikati walikuwa wameshaanza kubishana: vipepeo wale walielekea mlimani, au mtoni?