Ijumaa ya Mama Mkwe

Meneja wa ukumbi wa maonyesho aliitwa Bwana Sawa, na jina hilo hakupewa na maadui. Walimpa wafanyakazi wake mwenyewe, tena kwa mapenzi, maana ukimwendea na jambo lolote lile, jibu lilikuwa lile lile. Kikundi cha maigizo kinataka kuleta mbuzi hai jukwaani? Sawa. Fundi wa taa anataka likizo siku ile ile ya onyesho kubwa? Sawa, tutajipanga. Mbuzi alikula pazia, onyesho likaendeshwa kwa taa ya chooni, na kesho yake Bwana Sawa alikuwa mlangoni anasalimia watu kama kawaida.

Msije mkadhani alikuwa mjinga. Kazi aliijua, na ukumbi aliupenda hata mkewe akawa anaona wivu kidogo. Tatizo lake lilikuwa neno moja tu. Hapana ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Badala yake alikuwa na maneno laini chungu nzima: tutaangalia, niachie mimi, nitakujulisha. Na watu, kama ujuavyo watu, kila neno laini walilichukua kuwa ni ndiyo, wakaondoka wanashukuru.

Sasa siku moja mwenyekiti wa bodi ya ukumbi alimwita, akafunga mlango.

"Nieleze habari ya Ijumaa," alisema.

Bwana Sawa akajikuna shingo.

Habari ya Ijumaa ni hii. Miaka mitatu nyuma, harusi yake hata haijapoa, mama mkwe wake alimjia ofisini. Mama huyu ndiye kiongozi wa kwaya kubwa, watu wote wanamwita Mama Kwaya, na paa la nyumba waliyokuwa wakifanyia mazoezi lilikuwa limeanza kuvuja. "Tunaomba Ijumaa jioni, baba," alisema. "Wiki mbili tu." Wewe ndiye umeoa juzi, mama wa mkeo amekaa mbele yako na mkoba wake mapajani, utasema nini? Bwana Sawa alisema, "Sawa, mama. Hapa ni kwenu." Lo! Hapa ni kwenu! Na Mama Kwaya, kama mtu yeyote aliyeambiwa ni kwao, akakaa. Akaleta kinanda. Akaleta kabati la sare. Mwaka wa pili akaleta na pazia la rangi aipendayo, maana lile la zamani lilishaliwa na mbuzi.

Na Ijumaa jioni, jamani, ndiyo siku ambayo watu wametoka kazini na wanatafuta pa kwenda. Ukumbi wa maonyesho usio na onyesho Ijumaa unajinyonga wenyewe. Vijana wa maigizo walikuwa wanafanyia mazoezi kwenye maegesho, katikati ya magari, na mara mbili mfalme wao alipigiwa honi akiwa anakufa.

"Mwisho wa mwezi huu Ijumaa irudi," mwenyekiti alisema. "Isiporudi, nitatafuta meneja mwingine. Sikutanii. Wiki ijayo kuna kongamano la mameneja wa sanaa na utamaduni, lina mafunzo ndani yake. Nenda kajifunze kukataa."

"Sawa," alisema Bwana Sawa, na mwenyekiti akashika kichwa.

Nyumbani alijaribu kumtupia mzigo mkewe. Mkewe alikuwa anakunja nguo, hata hakuinua macho. "Mimi simo," alisema. "Yule mama yangu, wewe mume wangu. Nikikusemea leo, utasemewa mpaka uzeeni. Nenda ukaongee naye." Kisha akamwona alivyonyong'onyea, akamwonea huruma, akamtengea shati zuri la kuvaa kongamanoni.

Kongamano lilikuwa katika ukumbi wa chuo, wenye meza za duara na feni moja iliyokuwa ikilalamika. Kwenye bango la mbele paliandikwa: Kutoka Uwezo Hadi Uwezeshaji: Kuwawezesha Wawezeshaji wa Sanaa. Hakuna aliyeelewa maana yake, na kila aliyepanda kuhutubia alilisifu. Bwana Sawa alipofika kwenye meza ya kujiandikisha kuchukua beji yake, aliona beji ya pembeni yake. Akaisoma. Akaisoma tena. Ilikuwa ya mama mkwe wake; kumbe na viongozi wa kwaya walialikwa.

"Baba!" sauti ikaita nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo, tunashukuru. Na huko?"

"Tunashukuru."

Hapo wakawa wamemaliza maneno yao yote. Miaka mitatu ya ukwe wao ilikuwa hivyo: salamu, shukrani, kisha kila mtu anatafuta kitu cha kutazama. Mama Kwaya alitazama feni. Bwana Sawa alitazama viatu vyake, akaona kimoja hakikupigwa dawa sawasawa.

Mwezeshaji wa mafunzo alikuwa mwanamke mwenye raba nyekundu na sauti isiyohitaji maiki. Kila nusu saa aliwasimamisha watu wazima, mameneja wenye vitambi na heshima zao, akawapigisha makofi ya mvua, makofi ya treni na makofi ya kilo. Baada ya chai alitangaza: "Somo la leo ni mazungumzo magumu. Geuza beji yako, nyuma kuna kibandiko cha rangi. Mtafute mwenye rangi kama yako. Huyo ndiye mwenzako wa igizo."

Cha Bwana Sawa kilikuwa kijani. Alizungusha macho ukumbini, na huko mbele akamwona Mama Kwaya ameshusha miwani puani, ameinua beji yake juu, kijani kibichi kama jani la mgomba.

Bwana Sawa akamgeukia jirani yake, mama mmoja wa makumbusho aliyekuwa akinywa chai taratibu, akamnong'oneza, "Dada, samahani sana, tunaweza kubadilishana vibandiko?"

"Hapana," alisema yule mama, akitabasamu, akaendelea na chai yake.

Basi! Hapana, kavu, bila sababu, bila samahani, na mbingu hazikuanguka. Bwana Sawa alimwangalia kwa mshangao mpaka yule mama akadhani anataka sukari.

Wakapewa kadi. Ya Bwana Sawa ilisema: Wewe ni meneja wa ukumbi. Kikundi cha muziki kinatumia ukumbi wako kila Jumatano na hakitaki kuondoka. Kiongozi wao ni mtu unayemheshimu sana. Mwambie aondoke.

Alitafuta pa kukaa. Alimtazama mwezeshaji kuona kama amesikia umbea kutoka mahali, lakini yule hakumjua hata jina. Kadi zilikuwa zimechapwa siku nyingi na pembe zake zimelika. Kumbe kila ukumbi una mama mkwe wake.

"Yangu inasema nisikubali," alisema Mama Kwaya, akirudisha miwani juu.

Walipoitwa mbele, Bwana Sawa alianza hivi: "Kiongozi, samahani, sijui kama nakusumbua, lakini nilikuwa naomba, kama utapata nafasi, na kama haitakuwa vibaya, ile Jumatano..."

Mama Kwaya akaweka mkono kifuani. Mwanamke huyu alikuwa amesimama mbele ya watu maisha yake yote, na kuigiza alijua. "Jumatano yetu?" alisema kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba. "Sisi tuna wazee. Tuna wajane. Jumatano ndiyo siku pekee wanayotoka nje."

"Pole sana, mama. Basi... chukueni na Alhamisi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama wa makumbusho alicheka mpaka chai ikampalia. Mwezeshaji alimshika Bwana Sawa bega. "Meneja, umekuja kuchukua siku moja, umeacha mbili! Tunarudia. Safari hii nataka sentensi moja tu. Usiombe radhi. Sema kisha funga mdomo."

Wakarudia. Akilini Bwana Sawa alimwona mwenyekiti wa bodi akifunga mlango, akawaona vijana wa maigizo katikati ya magari, akajiona yeye mwenyewe akikabidhi funguo za ukumbi kwa meneja mwingine, mtu mgeni asiyejua hata kwamba swichi ya tatu hubonyezwa kwa ngumi. Akafumba macho na kusema:

"Mama, naitaka Ijumaa yangu."

Kisha akafunga mdomo, kama alivyoagizwa.

Watu wakapiga makofi. "Umeona?" mwezeshaji alipaza sauti. "Umeona sauti ilivyotoka tumboni? Makofi ya kilo kwa meneja!" Hakuna aliyejali kwamba kadi ilisema Jumatano. Hakuna, isipokuwa mtu mmoja. Mama Kwaya hakupiga makofi. Aliitazama kadi yake, akamtazama mkwe wake, akarudi kukaa, na wakati kundi zima linapigishwa makofi ya treni yeye alikaa na mkoba wake mapajani.

Mapumziko yalipofika Bwana Sawa alijificha nyuma ya birika kubwa la chai. Mahali pa kujificha penyewe pabovu, maana kila mtu anataka chai. Mama Kwaya alikuja na vikombe viwili, akampa kimoja.

"Baba."

"Naam, mama."

"Kadi yangu imeandikwa Jumatano."

"Ndiyo, mama."

"Ya kwako?"

Angeweza kusema alikosea. Ulimi tayari ulikuwa umeanza kulitafuta neno laini, na maneno laini alikuwa nayo tele. Akayaacha. "Ya kwangu pia imeandikwa Jumatano," alisema.

Mama Kwaya alikunywa chai kidogo. "Bodi imekubana?"

"Imenibana. Lakini hata isingenibana, mama, naihitaji."

"Basi hakuna neno," alisema, akampigapiga mkono. "Tumalizie mwaka tu. Tuna tamasha letu la mwisho wa mwaka, unalijua. Likiisha tu, tunahama. Umesikia, baba? Mpaka mwisho wa mwaka."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya. Hapa hapakuwa na kadi, wala raba nyekundu, wala wa kumshangilia. Alikuwapo mama wa mkewe, na kikombe cha chai, na mwisho wa mwezi. Bwana Sawa alijua akisema sawa sasa hivi wataachana kwa tabasamu, na hatakuwa meneja tena. Alijua pia akikataa, huenda kila mkewe atakapokwenda kwao atakaa kwenye kiti cha moto.

"Hapana, mama," alisema.

Ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Mwisho wa mwezi huu," akaongeza. "Magari ya kuhamisha kinanda na kabati nitatafuta mimi. Na siku ya tamasha lenu ukumbi ni wenu, kutwa nzima. Lakini Ijumaa, hapana."

Mama Kwaya akatazama kikombe chake. Watu wawili wakaja, wakachota chai, wakaondoka. Bwana Sawa alikuwa anamhesabia mkewe miaka ya kununa.

"Unajua," mama mkwe alisema hatimaye, "ningekuwa mimi ndiye meneja, ningenifukuza wiki ya tatu."

"Mama?"

"Wiki mbili niliomba! Wewe hukusema kitu. Nikaleta kinanda, hukusema kitu. Nikasema ngoja nilete kabati nione. Kimya. Pazia lile nililileta makusudi, baba. Hata mimi silipendi." Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Miaka mitatu sijui kama Ijumaa umenipa au nimekunyang'anya. Nikija kwako nakaribishwa mpaka najisikia vibaya. Nikawa najiuliza, huyu kijana ananipenda au ananiogopa?"

Bwana Sawa aliweka kikombe mezani. "Nilikuwa nakuogopa, mama," alisema. "Na nakupenda."

"Haya, sasa nimejua." Akafuta miwani yake kwa upindo wa kitambaa, akachukua muda mrefu kidogo kuliko miwani ilivyohitaji. "Tutahama mwisho wa mwezi. Waimbaji watanuna, kisha watazoea. Lakini kwa kuwa leo tunafundishwa kusema, na mimi nina langu."

"Sema, mama."

"Yale makopo ya biskuti unayoniletea kila ukija."

"Ndiyo, mama?"

"Hapana."

"Hapana?"

"Sizipendi. Sijawahi kuzipenda. Ziko chini ya kitanda, nimefika mahali siwezi kuingiza ufagio. Leta sabuni, leta mkaa, njoo hata mikono mitupu. Ila biskuti, hapana."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kushika meza, mpaka mama wa makumbusho akaja kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Jioni, kwenye ngazi za chuo, Bwana Sawa alimpigia mkewe simu.

"Umemwambia?" mkewe aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Nimemwambia."

"Ukasema hapana? Wewe? Kwa mama?"

"Kwa mdomo wangu huu."

"Mungu wangu. Na yeye amesemaje?"

"Amesema biskuti zangu hazitaki."

Kule upande wa pili akamsikia mkewe anavuta kiti, anakaa, na anaanza kucheka, kicheko kirefu chenye machozi ndani yake. "Mume wangu," alisema alipopata pumzi, "yule mama huwa hamwambii hivyo mtu asiye mwanawe."