Nani Aliyeziua Betri za Shedrack

Oliva Mgaya aliitwa mwizi saa tatu asubuhi, mlangoni mwa karakana yake pale Makambako, na aliyemwita hakujisumbua hata kushuka kwenye pikapu. Alitoa kichwa dirishani, akahakikisha mama ntilie na madereva wa malori wanasikia, ndipo akapaza sauti: "Fundi huyu ni mwizi! Kachukua betri zangu mpya, kaniwekea mbovu!" Kisha akaondoa gari.

Huyo alikuwa Shedrack wa Njombe, mwenye gari-nyumba. Lilikuwa basi dogo kuukuu aliloling'oa viti, akaweka vitanda, jiko na friji, akawa analikodisha kwa watalii waendao Kitulo kuona maua. Oliva ndiye aliyelifungia umeme miezi minne iliyopita: betri moja ya injini, mbili za nyumba, yaani za taa na friji, na sola juu ya paa. Siku ya kukabidhi alieleza kila kitu kwa Kiswahili cha kueleweka. Betri za nyumba usizinyonye kupita nusu. Mita ikisoma volti kumi na mbili pointi mbili, zima. Gari likilala siku nyingi, zima swichi kuu. Kila mwezi fungua vifuniko, angalia maji. Shedrack alicheka, akamwambia mahubiri awaachie mapadri.

Sasa betri zimekufa, na mwizi ni fundi!

Kufikia jioni wateja wawili walikuwa wameshakuja kuchukua magari yao, waya zikiwa bado zinaning'inia. Kesho yake masista wa misheni, waliokuwa wamempa kazi ya gari lao jipya la zahanati, walipiga simu: asubiri kwanza, mambo yatulie. Walisema kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko matusi. Miaka kumi na moja ya kuungua vidole kwa asidi, miaka kumi na moja ya kuambiwa mwanamke na umeme wapi na wapi, halafu jina lichafuliwe na mtu asiyejua chanya wala hasi! Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Oliva akatia mita yake kwenye mkoba, akapanda basi la Njombe.

Alilikuta gari-nyumba mtaa wa Ramadhani, nyuma ya nyumba ya Shedrack, paa zima limefunikwa turubai kwa sababu ya mvua. Sola nayo ilikuwa chini ya turubai. Hivi mtu anaifunika sola shuka kama mgonjwa, halafu anadai umeme?

Mke wa Shedrack, Vestina, alitoka akifuta mikono. "Kamwene, dada. Karibu."

"Kamwene. Mimi ndiye fundi wa Makambako. Nimekuja kuona betri."

Vestina alifungua mlango wa gari. Harufu ya kuku ikawapokea. Kwenye vitanda vya watalii yalitandazwa maranda, na juu ya maranda walijazana vifaranga zaidi ya mia, wameshaanza kuota manyoya. Balbu nne nyekundu zilining'inia juu yao, zimezimika.

"Hizi ziliwaka muda gani?"

"Wiki tatu, usiku na mchana," Vestina alijibu bila hila. "Si unaijua baridi ya huku, dada? Zikififia, Shedrack anawasha injini kidogo, zinaamka. Mwisho hata injini ikagoma. Mwenyewe ndiye aliyevuta waya, alisema umeme wa jua ni wa bure."

Oliva alifungua vifuniko vya betri. Maji yalikuwa yamekauka, plati za risasi za ndani zimebaki wazi, zimepauka. Namba zilizochongwa kwenye betri zilikuwa zilezile za kwenye risiti yake. Akatoa mita mkobani apime.

Shedrack akatokea na kikombe cha chai. Alipoona mita, hatua zikapungua.

"Dada Oliva, ni shetani tu alipita. Chukua kuku wawili, yaishe. Na kazi ya betri mpya ni yako. Kesho jioni wageni wangu wanashuka na treni Makambako."

"Shetani hakuvuta waya, umevuta wewe! Siku ile unaniita mwizi, balbu hizi ulikuwa umeshazifunga. Ulijua!"



"Umemwita nani mwizi?" Vestina alimgeukia mumewe.



"Kuku wako sili," Oliva alisema. "Nataka jina langu, na hulirudishi hapa uani. Utalirudisha palepale ulipolichukulia, kesho saa tatu. Usipokuja, nitawaleta hapa madereva wote waje waone hivi vitanda."

Alikuja. Safari hii alishuka kwenye pikapu, akamsogelea Oliva, akasema chini kwa chini, "Samahani, fundi."

"Siku ile hukuninong'oneza."

Mama ntilie mmoja akaacha kukoroga chungu. Mlango wa pili wa pikapu ukafunguliwa, akashuka Vestina, akamkazia macho mumewe. "Sema, Baba Tarsis. Au niseme mimi?"

Shedrack akasema. Alitaja vifaranga, balbu na turubai, jasho likimtoka kwenye baridi, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara. Madereva walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipomaliza alimgeukia Oliva, macho chini.

"Sasa utanifungia betri? Treni inaingia jioni."

"Katafute fundi mwaminifu," Oliva alisema, akaingia ndani kuwapigia simu masista.