Kadi ya Njia ya Siafu

Wahindi walipokwisha kufukuzwa na serikali, duka lao la masweta pale Nakivubo alipewa mtu mmoja, Wahabi, na mimi mfumaji nikarithiwa pamoja na viti. Watu kama yeye tuliwaita mafuta mingi. Jana anabeba magunia sokoni, leo ana duka na tumbo la kwenda nalo.

Mashine yetu ilifuma kwa kadi. Kadi ni ngumu, ina matundu. Penye tundu mashine huvuta uzi mwekundu, pasipo tundu huacha mweupe. Ukibadilisha kadi, maua ya sweta nayo yanabadilika. Bila kadi, mashine ni chuma tu kimekaa mezani.

Kadi za maua zilikuja na mashine. Ile ya mchoro tuuitao njia ya siafu niliitoboa mwenyewe nyumbani, kwenye kadi tupu niliyoinunua, nikifuata mistari ya vifuniko vya chakula alivyosuka mama yangu. Na kwetu, mama alikuwa na sharti lake: ukifundishwa mchoro, usimnyime atakayekuuliza. Hiyo ndiyo bei yake.

Akullo akaniuliza. Alikuwa jirani yangu mtaa wa Kamwokya, Mlangi, kabila lililokuwa likiwindwa na serikali siku zile. Mumewe, askari polisi, alitoka kwenda kazini na hakurudi, na watoto hawajui kungoja chakula. Mashine hakuwa nayo, alikuwa na sindano mbili. Nikamtobolea kadi yake. Akawa anaishika kwenye mwanga wa dirisha, anasoma matundu, anafuma kwa mkono. Masweta ya watoto yakatoka, yakanunuliwa.

Wahabi kuyaona sokoni, akanijia juu.

"Hiyo njia ya siafu yangu! Duka yangu, mashine yangu, kadi yangu. Umetoa mali ya duka, Mama Rehemah. Huyo mwanamke aache, leo leo."

"Mashine ni yako," nikamwambia. "Ile kadi iliyoko mezani nayo chukua, sina ugomvi. Mchoro si wako. Wala si wangu wa kufungia."

"Basi nitaleta vijana wa miwani nyeusi, watakueleza vizuri."

Siku zile neno hilo halikuwa mzaha: hao walikuwa makachero wa serikali, na waliyemchukua hakurudi. Mimi wangenipigia kelele tu. Akullo wangemchukua, kwa jina lake peke yake. Sikupandisha sauti.

"Twende kwanza kwa Mzee Zubairi. Ni mjomba wako. Akisema nimeiba, Akullo ataweka sindano chini na mimi nitanyamaza."

Mjomba hakataliwi. Akakubali, lakini kadi akawa anaifungia kabatini kila jioni, na kwanza akaitoboa kwa msumari, tundu moja, alama yake, kama mtu anavyokata sikio la ng'ombe wake. Kazi ya mashine akampa shemeji yake.

Ijumaa baada ya sala mimi, Wahabi na Akullo tukakaa mkekani kwa Mzee Zubairi, askari wa mahakama mstaafu. Wahabi akatandaza sweta jipya la dukani.

"Tazama, Mzee. Hii alama nyekundu nimetoboa mimi. Kila sweta ya kadi yangu iko nayo."

Kweli ilikuwa nayo, tena ya kutosha. Kadi huzunguka na kurudi, basi tundu lile moja lilikuwa limetapakaa kifua kizima.

Akullo akashindwa kujizuia. "Maskini, limeugua ndui?"

Hata Mzee alikohoa kuficha kicheko. Kisha akalichukua sweta la Akullo, akaligeuza ndani na nje.

"Wahabi, umesema kila sweta?"

"Kila moja, wallahi."

"Hili halina."

"Alinakili kabla mimi sijatoboa!"

"Kabla hujatoboa, mchoro ulikuwa wa nani?"

Wahabi akaanza kulikunja sweta lake.

"Mimi nimefunikiwa wali kwa vifuniko vya mistari hii tangu nina meno ya utoto," Mzee akasema. "Karatasi ya serikali imekupa duka na vilivyomo. Haikukupa vilivyomo kichwani mwa watu. Akullo afume. Na miwani nyeusi nisisikie tena ikitajwa katika ukoo huu."

Akullo akashusha pumzi. Wahabi akabaki anavuta nyuzi za mkeka.

"Na mimi je? Nisifume tena?"

"Ufume," nikamjibu. "Nitakutobolea kadi safi. Ila usiifungie. Atakayeuliza, mpe."

"Hata huyu, anayeuza mbele ya duka yangu?"

"Huyu anayo tayari. Wewe fuma vizuri kumshinda."

Akacheka bila kutaka. Halafu akakumbuka. "Na haya masweta ya ndui? Iko mzigo mzima, watu hawataki."

Akullo akavuta sweta magotini, akapima doa kwa kidole.

"Lete, ssebo, bwana wangu. Kila doa nitalifunika kwa sindano na uzi mweupe. Lakini kazi hiyo si ya kindugu, utalipa."

Kesho yake, kabla jua halijakausha umande, mzigo ulishushwa kutoka kwenye baiskeli mlangoni kwa Akullo.